Kizuia Jasho au Kipunguza Jasho? Tahakiki ya Istilahi za Mche wa Kwapa

Madhumuni ya makala haya ni kuzipima istilahi zinazotumika, au zinazopendekezwa kutumika, katika kueleza kitu ambacho sasa kimeenea madukani mwetu: ule mche mdogo wa yabisi upakwao kwapani ili jasho lipungue. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno kwa jarida la lugha. Sivyo. Istilahi za vitu vidogo ndizo zinazomfikia mwananchi kila siku, na zikikosewa, yeye ndiye anayelipa gharama ya kosa hilo.

Tumeichagua Gairo iwe mizani yetu. Wilaya ya Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Mji wake uko kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, karibu na milima ya Ukaguru, na wakulima wake hulima mahindi, viazi vitamu na alizeti. Bidhaa za viwandani huingia huko kwa njia hiyo ya magari, nazo huingia pamoja na majina yake. Mnunuzi wa Gairo hana mfasiri wa kumsimamia dukani. Basi istilahi isiyojieleza yenyewe mbele ya mkulima wa alizeti, hata ikipendeza vipi katika orodha ya wataalamu, imebuniwa tu, haijasanifiwa.

Ili tusimlaumu mtu yeyote, tumetunga sentensi moja ya mfano kwa kukusanya pamoja makosa yaliyo rahisi kutendwa katika tafsiri za namna hii:

"Ili kupata dawa ya kikwapa yenye nguvu zaidi, yeyusha pombe ya nta pamoja na sabuni, tia chumvi, kisha mimina upate fimbo, itazuia jasho kwa kuziba vinyweleo."

Sarufi ya sentensi hii haina kasoro, lakini maana yake ina kasoro karibu katika kila neno zito. Tuyachambue maneno hayo kwa zamu.

1. Dawa

Neno "dawa" katika Kiswahili ni pana sana: lipo la mgonjwa, la panya, la viatu na la meno. Katika mazungumzo upana huo hauna madhara. Lakini katika maandishi ya serikali una madhara. Sheria ya mwaka 2003 iliweka chakula, dawa na vipodozi chini ya mamlaka moja. Mwaka 2019 kazi hizo zilitenganishwa: dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka yake, na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Tangu hapo neno "dawa" au "kipodozi" juu ya kibandiko humwonyesha mtumishi wa umma ofisi inayohusika. Ni kweli kwamba Marekani huihesabu bidhaa hii kuwa dawa, na nchi za Ulaya huihesabu kuwa kipodozi. Mfasiri asiichukue hukumu ya nchi iliyotoa kibandiko na kuiingiza kwetu bila kujua. Kwetu hiki ni kipodozi, na kiitwe hivyo.

2. Kikwapa

Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko wafasiri wanavyodhani. "Kwapa" ni mahali, "jasho" ni maji yatokayo mwilini, na "kikwapa" ni harufu ya mahali hapo. Mambo haya matatu ni mbalimbali, na sayansi inakubaliana na lugha. Jasho likitoka tu huwa halina harufu kubwa. Harufu huja baada ya vijidudu vya ngozi kuyavunja yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo kuna bidhaa mbili tofauti. Ya kwanza hupambana na harufu, ama kwa kuua vijidudu, ama kwa kuifunika harufu kwa manukato. Ya pili hupunguza jasho lenyewe. Watu wengi huziita zote mbili "diodoranti", na wengine huziita "roloni" hata kama hazina kitufe kinachozunguka. Sisi tunapendekeza ya kwanza iitwe "kiondoa kikwapa". Neno hili ni bora kuliko "kiondoa harufu", kwa maana harufu za nyumba, choo na friji nazo huondolewa. Ya pili ndiyo tunayoishughulikia hapa.

3. Kuzuia

Hili ndilo neno linalotusumbua zaidi. "Kizuia jasho" ni tafsiri ya sehemu kwa sehemu ya jina la Kiingereza, na imeanza kuzoeleka. Lakini anayezuia maji mferejini hayaachi yapite. Je, mche huu hufanya hivyo? Kipimo kilichowekwa na Marekani mwaka 2003 hutaka jasho lipungue kwa asilimia 20 kwa angalau nusu ya watumiaji. Likipungua kwa asilimia 30, mtengenezaji aweza kudai ufanisi wa ziada. Bidhaa inayoacha sehemu kubwa ya jasho itoke haiwezi kuitwa kizuizi pasipo kumdanganya mnunuzi.

Yako madhara ya pili. Mtu anayelima juani anajua kwamba jasho ndilo linalompoza. Akisoma kwamba kitu fulani "kinazuia jasho", ana haki ya kukiogopa. Akiambiwa "kinapunguza jasho la kwapa", ataelewa kwamba mgongo, kifua na paji la uso vinaendelea na kazi yao. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria zetu, na neno la kwenye kibandiko laweza kupimwa mahakamani kwa maana yake ya Kiswahili. "Kipunguza jasho" ni neno linaloweza kutetewa huko. "Kizuia jasho" si hivyo.

4. Nguvu

Wafasiri hupenda kuandika "yenye nguvu zaidi" kila wanapotaka kusema kwamba kitu hufanya kazi vizuri zaidi. Katika utengenezaji wa mche huu kosa hili humpotosha fundi, kwa kuwa atadhani nguvu huja kwa kuongeza kiasi. Kipimo hicho cha Marekani kimeweka kikomo: chumvi za alumini peke yake zisizidi asilimia 25, na zile za alumini pamoja na zirkoni zisizidi asilimia 20. Fundi akizidisha unga, ngozi hukereka na mche hubomoka. Ufanisi huongezwa kwa njia nyingine: kuchagua chumvi ambayo chembe zake ni ndogo na hupenya upesi, kuhakikisha kwamba nta hazizifungi chembe hizo hata zisilifikie jasho, na kumwagiza mtumiaji apake usiku, wakati jasho ni chache. Basi neno lifaalo ni "ufanisi". Nguvu ni jambo jingine.

5. Chumvi, na shabu

"Tia chumvi" ni agizo la jikoni. Katika kemia chumvi ni jamii kubwa, na ile ya mezani ni mmoja tu wa jamaa zake. Isisemwe chumvi bila kutajwa ni ya nini. Jambo la kusikitisha ni kwamba wafasiri wamelisahau neno kongwe la Kiswahili, "shabu". Shabu ni chumvi ya alumini. Hutumika kutakasia maji yenye tope na kukazia ngozi baada ya kunyoa. Chumvi za viwandani za mche wa kwapa si shabu hasa, kwani zimeundwa kwa namna nyingine na hufanya kazi vizuri zaidi, ila ni za ukoo mmoja. Mwalimu akianza na shabu, mwanafunzi atafika kwenye alumini bila kupotea njia.

6. Kuyeyusha

Kitenzi hiki kinabeba mizigo miwili. Nta huyeyuka kwa moto, na chumvi tunasema huyeyuka katika maji. Katika mche huu tofauti hiyo ni kiini cha kazi. Nta huyeyushwa, lakini unga wa chumvi hautakiwi kuyeyuka. Hubaki punje kavu zilizotawanyika ndani ya nta, zikingojea jasho. Shule zetu zina neno "mmumunyo". Basi tulitumie na kitenzi chake: nta huyeyuka kwa joto, chumvi humumunyika katika jasho. Fundi atakayeelewa hivyo ataelewa pia kwa nini asimimine rojo likiwa moto mno, kwa maana unga utazama chini kabla mche haujaganda. Akingoja mno, rojo litaganda kwa mabonge. Kwa sababu hiyo pia "kuchanganya" hakutoshi kuieleza kazi nzima; tunapendekeza "utungaji", na matokeo yake yaitwe "mtungo".

7. Pombe ya nta

Kiambato kimoja kikubwa cha mche ni alkoholi ya stearili. Ni yabisi nyeupe kama nta, huyeyuka karibu na nyuzi 59 za Selsiasi, na hailevyi. Kuiita pombe ni kumtisha bure Mwislamu na Mlokole, na kumpa mkaguzi wa forodha shaka isiyo na msingi. Iitwe "alkoholi ya stearili", na panapohitajika maelezo, "nta ya alkoholi". Vivyo hivyo, mafuta ya nyonyo yaliyotiwa hidrojeni hata yakawa magumu yasiitwe "yaliyogandishwa", kwani kilichogandishwa kwa baridi huyeyuka kikiachwa juani. Yaitwe "nta ya nyonyo". Umajimaji unaoupa mche ulaini, kisha ukatoweka juu ya ngozi, ni "silikoni inayovukizika".

8. Sabuni

Hapa kosa la mfasiri laweza kumtia mtu hasara ya fedha. Miche mingi ya kiondoa kikwapa kweli hugandishwa kwa sabuni ya stearati. Lakini chumvi za alumini zina asili ya tindikali, na tindikali huivunja sabuni: mafuta hujitenga, mche hauShiki, na chumvi yenyewe hupoteza kazi yake. Kikundi cha watengeneza sabuni wa Gairo kikiufuata mwongozo wa sentensi yetu ya mfano, kitapoteza mafuta, kuni na mtaji, kisha kitajilaumu chenyewe, ilhali mwenye kosa ni neno moja la tafsiri. Mche wa kipunguza jasho hugandishwa kwa nta.

9. Fimbo, na vinyweleo

Fimbo ni ya kuchungia au kuchapia, na kijiti ni cha kuni au cha kiberiti. Mwenye duka yeyote wa Gairo ana neno lililo tayari: "mche", kama mche wa sabuni. Nalo neno "vinyweleo" huwapeleka wasomaji kwenye nywele za mwili, hali jasho hutoka kwa mifereji yake yenyewe. Chumvi ikimumunyika humo hugeuka kuwa utelezi mzito unaoziba mfereji kwa muda, kisha hutoka. Tuseme "huziba kwa muda mifereji ya jasho", na maneno "kwa muda" yasiachwe.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi hizi zijadiliwe: kipunguza jasho, kiondoa kikwapa, mche, mtungo, ufanisi, kumumunyika, chumvi ya alumini, alkoholi ya stearili, nta ya nyonyo, silikoni inayovukizika, mfereji wa jasho. Kwa istilahi hizo sentensi yetu itasomeka hivi:

"Ili kupata mche wa kipunguza jasho wenye ufanisi zaidi, yeyusha alkoholi ya stearili na nta ya nyonyo katika silikoni inayovukizika, tawanya humo unga wa chumvi ya alumini bila kuumumunyisha, kisha mimina katika kalibu, mche huo hupunguza jasho kwa kuziba kwa muda mifereji yake."

Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini fundi aweza kuifuata, mkaguzi aweza kuipima, na mnunuzi hadanganywi. Baraza letu, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, limekabidhiwa kazi ya kusimamia usanifu wa lugha. Usanifu huo haukamiliki katika orodha peke yake. Walimu, wafasiri na watumishi wa wilayani wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale yanayotumika tayari sokoni, wanaombwa wayalete ili yapimwe pamoja na haya kabla hayajapitishwa.