Besi na Pumzi: Tathmini ya Mafundisho ya Arnold Jacobs

Katika sharika nyingi za Moshi na za huko milimani, kijana mwenye kifua kipana ndiye apewaye besi. Uteuzi wa namna hii twauona kuwa ni kosa, nalo hudhihirika tukiitazama kazi ya Arnold Jacobs (1915–1998), aliyepiga tuba katika okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988. Mtu huyo, ambaye sauti ya chombo chake iliwajaza wengi mshangao, alisumbuliwa na pumu.

Fundisho lake ni jepesi kulitaja, gumu kulishika: mpigaji ausikie kwanza wimbo akilini, kisha aiachie pumzi itiririke, asikaze koo na tumbo kana kwamba anasukuma gari lililokwama. Alikuwa na vifaa vya kupimia pumzi, lakini alipompa mwanafunzi chombo mkononi alimtaka aache kuifikiria misuli na aufikirie muziki.

Hapa yu karibu na urithi wetu kuliko msomaji atakavyodhani. Matarumbeta ya Kilutheri yalistawi Ujerumani, hasa pande za Bielefeld, ambako Johannes Kuhlo (1856–1941) alisisitiza kwamba vyombo viige sauti ya mwimbaji. Hata noti alitaka zisomwe kama zilivyo katika kitabu cha nyimbo, ili mpiga besi aufuate mstari uleule wa mwimba besi. Vijana wetu hujifunza sauti nne kwa do-re-mi katika kwaya. Maana yake, nusu ya somo la Jacobs wanayo tayari. Lakini wakabidhiwapo chombo twaanza na vidole: bonyeza hiki, achia kile. Tokeo lake twalisikia Jumapili. Besi hunguruma pigo la kwanza na la tatu kama ngoma ya shaba, hali katika kitabu mstari huo hupanda na kushuka na kuubeba wimbo wote.

Hatusemi kwamba yote ya Jacobs yatufaa. Yeye alimfundisha mtu mmoja mmoja chumbani. Kwetu vijana kadhaa huingojea tuba moja iliyobonyea. Wala hakupata kuipandisha tuba kutoka barabarani hadi kihambani, nyuma ya jeneza, katika matope, akipiga huku anatembea. Tumemsikia mzee mmoja akifanya hivyo. Alivuta pumzi mwishoni mwa kila mstari wa maneno, hata mahali palipokuwa na mwinuko mkali, kwa kuwa alikuwa akiyaimba moyoni.

Jacobs mwenyewe hakuacha kitabu kikubwa. Mafundisho yake yalikusanywa na waliokaa naye. Mzee wetu naye hajaandika lolote, na kijana aliyeirithi besi yake hajaombwa hata mara moja aiimbe sauti hiyo mbele ya mwalimu.