Mzimu Kama Swali: Tuisomeje Riwaya ya Kwanza ya Bwana Msa?

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, aghalabu hujibu kwa sentensi moja: Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Si uongo. Kiko, utulivu na jicho la kuona vijidalili wasivyoviona wengine vina asili kwa Arthur Conan Doyle. Lakini mtahiniwa anayekomea hapo ametaja chanzo tu, hajahakiki.

Tutazame tarehe. Riwaya hii ilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapishwa 1960. Miaka michache tu kabla, 1952, Shaaban Robert alikuwa ametoa *Adili na Nduguze*, ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini, na msomaji hatarajiwi kuuliza imewezekanaje. Huko jini ndiye jibu. Kwa Abdulla, mzimu ndio swali. Hapo ndipo riwaya ya Kiswahili ilipopiga hatua, na ndiyo sababu siafikiani na wenzetu wanaoitupa kazi hii katika kapu la "fasihi pendwa" kana kwamba haina la kufundisha.

Maiti ya Bwana Ali yapatikana mahali panapoogopwa, na hofu ina maelezo yake tayari: wa kale wamekasirika. Basi mandhari hapa si pambo. Imani yenyewe ni kizuizi cha upelelezi, maana aliyeridhika kwamba mzimu umeua hatatafuta nyayo. Bwana Msa, ambaye wala si polisi, anang'ang'ania kuwa penye maiti pana mkono wa mtu. Dhamira, mandhari na taharuki zimefungwa fundo moja. Mtahiniwa asizijadili kama mambo matatu yasiyojuana.

Sisi wa Kakamega tuna kielelezo karibu. Jiwe Linalolia la Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu, wanafunzi wengi wamelipita. Waambie waandike maelezo mawili ya yale machozi: la msimuliaji wa ngano, na la mtu aliyetaka kujua maji yanatoka wapi. Kisha uliza: je, chini ya jiwe kungepatikana maiti, ni maelezo yapi yangemfaa muuaji? Darasa litachangamka, nami nadhani zoezi hilo lapita kurasa nyingi za madondoo kuhusu taharuki.

Dosari ipo. Bwana Msa hayumbi. Akili yake iko mbele ya kila mtu tangu mwanzo, hivyo msomaji humstaajabia bila kumhofia, na kama mhusika anabaki bapa. Msomaji aliyechoshwa na ukamilifu huo huenda akatabasamu kuona kwamba mwaka 1984 Abdulla alitoa riwaya akaipa jina *Kosa la Bwana Msa*.