Neno "Raia" na Mipaka ya Utafiti wa Amani: Uhakiki wa Kazi za Séverine Autesserre kuhusu Kongo Mashariki

Utafiti kuhusu ulinzi wa amani mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo una deni kubwa kwa Séverine Autesserre. Katika *The Trouble with the Congo* (2010), anaonesha jinsi wanadiplomasia na maofisa wa Umoja wa Mataifa, katika kipindi cha mpito baada ya 2003, walivyovichukulia vita kuwa suala la kitaifa na kikanda, huku migogoro ya ardhi na mamlaka ya vijijini ikiachwa bila mshughulikiaji. Katika *Peaceland* (2014), anageukia mienendo ya kila siku ya watumishi wa kigeni, ambao utaalamu wao wa mada huthaminiwa kuliko ujuzi wa mahali wanapofanyia kazi. Hoja zote mbili ni thabiti. Hata hivyo, hoja ya pili haikufikishwa mwisho wake.

Katika vitabu hivyo, lugha inajitokeza zaidi kama kizuizi cha mawasiliano: mgeni asiyeijua hukosa habari. Kinachobaki nyuma ya pazia ni lugha kama uwanja ambamo dhana zenyewe za usalama hugombaniwa. Mfano ulio wazi ni neno *raia*. Tangu mwaka 2000, Baraza la Usalama limeipa misheni yake nchini Kongo jukumu la kuwalinda watu wasiobeba silaha. Kwa Kiswahili jukumu hilo huitwa "kulinda raia". Lakini *raia* ni asiye askari, na pia ni mwenye uraia wa nchi. Mahali pengine maana hizo mbili huishi pamoja bila kugongana. Kivu si mahali pa namna hiyo. Sheria ya 1981 iliufunga uraia kwa wenye asili katika makabila yaliyokuwapo nchini mwaka 1885, na hivyo ikautia shakani uraia wa wasemaji wengi wa Kinyarwanda. Sheria ya 2004 ilisogeza kigezo hicho hadi wakati wa uhuru, 1960, lakini ubishi haukuzimika. Kwa hiyo ahadi ya "kulinda raia" inaweza kusikika kama swali: raia yupi? Mchambuzi anayeanza na kumaliza kwa Kiingereza au Kifaransa halisikii swali hilo, kwa kuwa lugha hizo hutumia maneno mawili tofauti.

Neno *mkimbizi* lina tatizo kama hilo. Mkataba wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa kuvuka mpaka. Mkataba wa Kampala wa 2009 unawahusu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Kiswahili humtazama aliyekimbia, si mpaka. Dodoso linalouliza "Je, wewe ni mkimbizi?" litapata majibu ya kweli yasiyolingana na safu za jedwali, na msaada hugawanywa kwa kufuata jedwali.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mkazi wa Kivu, ambako pia husemwa Kinande, Kihunde, Kishi na Kinyarwanda. Pingamizi hilo ni la haki, na linakwenda mbali zaidi: Kiswahili cha Goma au Bukavu si Kiswahili Sanifu, na tangazo lililoandikwa kwa usanifu wa Dar es Salaam halina hakika ya kueleweka huko. Wala kusema lugha moja hakutoshi. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichoongozwa na Kenya, kiliingia Kongo mwishoni mwa 2022 na kuondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kutoridhishwa nacho. Ukaribu wa lugha haukuziba pengo la matarajio kuhusu maana ya "ulinzi": kusimama katikati au kupigana.

Funzo kwa watafiti na washauri wa sera ni la kiutendaji. Istilahi za msingi zihojiwe kabla ya wahojiwa kuhojiwa. Ripoti zibakize neno lililotamkwa kando ya tafsiri yake. Na mkalimani atambuliwe kuwa mshiriki wa uchambuzi. Autesserre aliwarudisha wasomi kijijini. Kazi iliyosalia ni kusikiliza kijiji kinayaita mambo kwa majina gani, maana huko majina ndiyo huamua nani alindwe na nani aachwe.