Swali Moja kwa Safu Nzima

Ukitaka kumjua fundi wa PHP, tazama anavyochuja safu. Mwenye haraka huandika kitanzi: anafungua safu tupu, anapita kila kipengele, anaweka sharti, anahamisha kinachofaa. Kazi inafanyika, ila msomaji anachambua mistari mitano ili apate wazo moja. Fundi huita array_filter, akaikabidhi safu pamoja na fanksheni ndogo yenye swali: alama hizi zimefika 50? PHP yenyewe huiita fanksheni hiyo kwa kila thamani. Jibu likiwa kweli, thamani inabaki.

Zamani swali hilo lilikaa kwenye fanksheni yenye jina, mara nyingi mbali na linapotumika. PHP 5.3 ya mwaka 2009 ikaleta fanksheni zisizo na jina, na mwaka 2019 PHP 7.4 ikaleta fn. Sasa yote yanatosha mstari mmoja:

array_filter($alama, fn($a) => $a >= 50)

Hakuna cha kupunguza hapo.

Ninachokipenda zaidi ni uaminifu wake kwa funguo. Aliyeandikwa kwa jina la Asha anabaki Asha. Hata namba hazisogezwi: ukichuja 72, 41 na 88 kwa sharti hilo, zinabaki 72 kwenye ufunguo 0 na 88 kwenye ufunguo 2. Wengi hulalamikia pengo hilo, na kweli linauma, maana json_encode ikikuta pengo hutoa objekti badala ya orodha, na programu ya simu iliyosubiri orodha inakwama. Hata hivyo naona PHP iko sahihi. Kuchuja ni kazi moja, kupanga upya ni nyingine, na anayetaka kupanga upya ana array_values.

Penye kuhitaji jicho kali ni pale fanksheni inapoachwa kabisa. Hapo PHP huondoa kila inachokihesabu kuwa si kweli: null, matini tupu, 0, hata "0" iliyoandikwa kama matini. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akapata sifuri anafutwa pamoja na yule ambaye hakufanya. Fundi makini huandika fn($a) => $a !== null, na sifuri ya mtu inaheshimiwa.

Ukikuta array_filter isiyo na fanksheni kwenye msimbo wa alama, fedha au stoo, simama kwanza uulize sifuri zimekwenda wapi.