Baloni ya dawa ndani ya mshipa wa pontaje: tusome vizuri etidi ya 2006

Wandugu na wadada wahitimu, mimi ni mutu wa mashamba, si wa hospitali. Lakini kusoma etidi tulifundishwa wote. Na hii ya Bruno Scheller na wenzake wa Ujerumani, iliyotoka mwaka 2006 katika New England Journal of Medicine, watu wanaisemesha mambo ambayo haisemi.

Kazi yenyewe ni nzuri. Wagonjwa 52 ambao stenti yao ya moyo ilianza kuziba tena: wamoja walifunguliwa na baloni ya kawaida, wengine na baloni iliyopakwa paklitaseli, dawa ambayo asili yake ni ganda la muti (sisi wa Kivu, watu wa kinini, tunaelewa!). Kwa wale waliopigwa picha kisha miezi 6, njia ilijifunga tena kwa 10 kati ya 23 upande wa kwanza, na kwa 1 tu kati ya 22 upande wa dawa. Ata kama kikundi ni kidogo, tofauti ile si ya kuchezea.

Shida iko hapa: ilikuwa ndani ya stenti. Leo matokeo yale yanapelekwa kwa mshipa wa pontaje, ule wanatoa mguuni na kuushona moyoni, kazi ambayo René Favaloro aliianza Cleveland mwaka 1967. Kisha miaka 10 karibu nusu ya mishipa hiyo inakuwa imeziba, kwa hiyo haja iko kweli. Lakini mwenye amesha kugrefe avoka anajua: kitawi kinabaki na tabia yake. Mshipa wa mguu hauzibi kama ateri. Uchafu wake ni laini, unamomonyoka, vipande vinashuka na damu na kufunga vijishipa vya chini.

Tazameni DIVA, Lancet 2018: wagonjwa 597 wa Marekani, mishipa ya pontaje, stenti ya dawa na stenti bila dawa. Kisha miezi 12 mambo yaliharibika kwa asilimia 17 na 19. Sawa tu! Ni stenti, si baloni, ndiyo. Lakini mwenye kuahidi baloni atuonyeshe kwanza etidi yake.

Kwetu Bukavu matibabu ya namna hii ni safari, Dar es Salaam kwa Taasisi ya Jakaya Kikwete ama mbali zaidi, na shamba la familia linaweza kwenda. Mbele ya kuuza, muulize daktari: kumeziba mshipa gani? Na ateri ya kuzaliwa nayo, haiwezi kufunguliwa? Miongozo ya Ulaya ya 2018 inasema hiyo ndiyo ifikiriwe mbele ya ule wa kushonwa.