Neno "Retek" la Kihungaria: Asili Yake na Mwenendo Wake

Wako wataalamu wadhanio kwamba wakiisha kujua neno limetoka wapi, wamekwisha kulijua. Wengine huongeza hukumu, ya kwamba neno la kuazima ni mgeni, wala halistahili kuhesabiwa katika mali ya lugha. Rai hii haisimami, na jina la mboga moja latosha kuipima.

Wahungaria huita figili retek. Neno hili walilipata kwa Waslavi. Waslavi walilipata katika lugha za jamii ya Kijerumani. Nazo zilikuwa zimelitwaa katika Kilatini, radix, maana yake mzizi. Mpaka hapa wenye rai ile wana haki.

Lakini na tutazame mwenendo wake. Jina la kitu kitendewacho hupata mwisho -et, na vokali ya pili ya neno huanguka: retket. Wingi wake ni retkek; "figili yangu" ni retkem. Bali mwisho ukianza kwa konsonanti, vokali yabaki: retekben, "ndani ya figili". Husemwa -ben, wala si -ban kama katika káposztában, "ndani ya kabichi", kwa kuwa mwisho hufuata vokali za neno. Mwisho -vel, "pamoja na", huigeuza v yake ifanane na k: retekkel. Tena baada ya hesabu jina hukaa katika umoja: három retek, figili tatu.

Sasa liweke kando ya lélek, "roho", neno la kale la Wahungaria wenyewe: lelket, lelkek, lelkem. Kanuni ni ile ile.

Kupima lugha kwa maneno ya kuazima kumewapoteza hata wakubwa. Mwaka 1882 Ármin Vámbéry alitoa kitabu akiwahesabu Wahungaria kuwa wa asili ya Kituruki, naye aliyategemea sana maneno yanayofanana. József Budenz alimpinga, akishika kwamba lugha yao ni ndugu wa Kifini. Na wataalamu wamemfuata Budenz.

Nasi tunalo funzo. Figili yetu yatoka katika Kiarabu, na kitabu vivyo hivyo. Lakini vitabu ni wingi wa Kiswahili, usiojulikana na Mwarabu. Basi, mwenye kutunga kamusi na aandike asili ya neno. Ila asilitoe katika lugha kwa sababu hiyo, kabla hajauliza wenyeji hulinyambuaje.