Mouton ya 1945: jinsi chupa bandia zilivyopenya mnadani

Mnunuzi wa Bordeaux ya zamani hutaja bei bila kuonja, kwa kuwa chupa ikifunguliwa haiuziki tena. Anabaki na mambo matatu ya kupima: kiasi cha mvinyo kilichobaki ndani, hali ya kizibo na lebo, na nyaraka za mahali chupa ilikotunzwa. Kesi ya Rudy Kurniawan, muuzaji wa mvinyo bandia huko Marekani, inaonyesha lipi kati ya hayo ni la kutegemewa.

Tuanze na kiasi. Kizibo hupitisha hewa kidogo kidogo, na mvinyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Chupa ya Bordeaux ina mabega, na katalogi za mnada hutumia mabega hayo kueleza mvinyo umeshuka hadi wapi. Chupa ya miaka 60 iliyofika bega la juu ni jambo la kawaida. Ikijaa hadi shingoni, ama ilitunzwa vizuri mno, ama ilibadilishwa kizibo na kuongezwa mvinyo, ama ni ya juzi.

Kurniawan aliyajua yote hayo. Mwaka 2006 minada miwili ya mvinyo wake mjini New York iliingiza zaidi ya dola milioni 30. Alikusanya chupa tupu halisi kutoka mgahawani, akachapa lebo, akatafuta vizibo na nta. Maafisa wa FBI walipoingia nyumbani kwake California mwaka 2012, walikuta maelfu ya lebo, mihuri ya mpira, na maelezo ya namna ya kuchanganya. Mouton ya 1945, mvinyo wa Bordeaux, ilikuwa na kanuni yake: nusu Pichon ya 1988, robo Bordeaux iliyoharibiwa na hewa, robo Cabernet ya Napa, California. Pichon ilileta ladha ya Bordeaux yenyewe, ile iliyoharibika ikaleta uzee, na Napa ikaleta nguvu ya tunda.

Waonjaji hodari walipitwa, na sababu si ngumu kuiona. Waliowahi kuonja Mouton halisi ya mwaka huo ni wachache, na hata chupa halisi hutofautiana kulingana na zilivyohifadhiwa. Ulimi hauna cha kulinganisha.

Maabara nayo ina mipaka. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalisambaza sesiamu-137 duniani, na mwanafizikia Philippe Hubert wa Bordeaux aliweza kuipima bila kufungua chupa. Ikionekana kwenye mvinyo unaodaiwa ni wa karne ya 18, uongo umejulikana. Isipoonekana, hujathibitisha kitu zaidi ya kwamba mvinyo ni wa kabla ya enzi ya nyuklia. Bill Koch, mkusanyaji wa mvinyo wa Marekani, aliyaona hayo kwa chupa nne alizonunua mwaka 1988, zilizosemekana kuwa za karne hiyo na kumilikiwa na Rais Thomas Jefferson. Sesiamu haikuonekana, lakini wachunguzi wa Koch wakaja kuona kwamba herufi zilizochongwa kwenye kioo zilichongwa kwa mashine ya umeme.

Kurniawan alianza kuumbuliwa na tarehe. Aprili 2008 alipeleka mnadani Clos Saint-Denis za Ponsot, mvinyo wa Burgundy, zenye miaka ya kuanzia 1945 hadi 1971. Laurent Ponsot, mwenye shamba, alisafiri hadi New York kuzizuia, kwa kuwa familia yake ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Chupa zikaondolewa. Agosti 2014 Kurniawan alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, uliza chupa ilinunuliwa wapi, na nani, na risiti iko wapi. Uliza pia kama kizibo kilibadilishwa, na kama shamba lilikuwa likitoa mvinyo huo mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Kumbuka kwamba nyundo ikishagongwa utaongeza ada ya mnunuzi, ambayo kwenye minada mikubwa inaweza kukaribia robo ya bei. Muuzaji asipokuwa na majibu, mwachie mwingine chupa hiyo.